Mawe, samaki na mzee mwenye ndoana: kisa cha tangi la maji chumvi Mwanza

## Usuli

Mimi ni fundi wa matangi ya samaki. Mteja wa kisa hiki ni daktari wa meno mwenye kliniki yake binafsi jijini Mwanza. Jina lake, mtaa na mwaka nimeviondoa. Alitaka tangi la samaki wa baharini kwenye chumba cha kusubiria, kwa sababu ambayo kila daktari wa meno anaielewa: mtu anayesikia mashine ikilia chumba cha pili anahitaji kitu cha kutazama.

Hakuwa mgeni wa samaki. Kwa miaka mingi amefuga furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nyumbani, hasa wale wa kwenye mawe ambao Wasukuma huwaita mbipi. Alikuwa na dume la *Pundamilia nyererei*, yule mwekundu mgongoni aliyepewa jina la Mwalimu, na alilisifia kama mtu anavyomsifia jogoo wake. Uzoefu huo ndio ulionifanya niandike kisa hiki, maana nusu yake ilimponza na nusu nyingine ndiyo iliyotuokoa.

Tangi lilikatwa na fundi vioo wa hapa mjini: urefu sm 90, upana sm 40, kimo sm 45. Kwa kalamu ni lita 162. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 130. Kwa maji baridi hilo si tangi la kudharau, ila kwa maji chumvi ni dogo, na kosa dogo huonekana siku hiyo hiyo.

Mambo mawili ya Mwanza yaliingia kwenye hesabu tangu mwanzo. Kwanza maji. Ya bomba yanatoka ziwani na yana klorini, kwa hiyo hayaendi moja kwa moja kwenye tangi. Pili mwinuko. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi ukilinganisha na pwani. Oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Samaki wa baharini anayefugwa Mwanza anapumua hewa ya mlimani, ingawa yeye hajui.

## Hali niliyoikuta

Niliitwa siku ya tisa tangu samaki waingie. Daktari alinipokea getini.

"Fundi, nimeua samaki wanne kwa siku tisa. Miaka yote ya furu sijawahi."

Alikuwa ameagiza samaki saba kwa mpigo kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam, wakaletwa kwa ndege ndani ya mifuko yenye oksijeni: kangaja mmoja wa buluu, vipepeo wawili, klauni wawili, gobi mmoja, na damseli mmoja mweusi mwenye madoa meupe ambaye wauzaji humwita domino. Kangaja, vipepeo wote wawili na gobi walikuwa wamekufa. Domino alikuwa amejaa afya. Klauni walikuwa wamejibanza kona ya juu nyuma ya hita, mapezi yamechanika.

Mawe yalikuwa ya huku huku. Mwanza ni jiji la mawe na daktari aliona aibu kununua jiwe: kilo 40 hivi za matale ya nyuma ya nyumba yake, yamepangwa kama ukuta kutoka sakafu ya tangi hadi karibu na uso wa maji, yakiegemea kioo cha nyuma. Ukuta ule ulikuwa na pango moja tu la maana, katikati. Domino alikuwa ndani yake.

Nilipima maji. Amonia ilikuwa juu kiasi kwamba rangi ya kipimo iligota mwisho wa kadi. Chumvi ilikuwa sawa, 35 kwa elfu. Joto nyuzi 26. Kwa hiyo daktari hakukosea kuchanganya maji, alikosea mahali pengine pawili, na yote mawili yalitoka kwenye tangi lake la furu.

La kwanza ni wingi. Wafugaji wa furu hujaza tangi makusudi, kwa sababu dume mkorofi akiwa na wapinzani wengi hasira yake hugawanyika na hakuna anayeuawa. Ni mbinu halali, nami naitumia. Lakini inahitaji chujio lililokwisha kukomaa. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitraiti na nitraiti kuwa nitreti, na bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 na kitu. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia ambayo ni sumu kali huongezeka karibu mara 10. Uchafu ambao mbipi wangeuvumilia ndio uliowamaliza vipepeo.

La pili ni mawe yenyewe. Jiwe la matale si sumu. Ila ni zito na limefungamana, halina vitundu vya kukaliwa na bakteria. Linakula nafasi ya maji (kilo 40 ni kama lita 15 zimeondoka) na halirudishi chochote.

## Uamuzi wa kwanza: kubomoa

Tulibomoa kila kitu. Samaki watatu waliobaki tuliwahamishia kwenye pipa la plastiki la lita 60 chini ya ngazi, lenye hita, chujio la sponji na kikapu kilichotobolewa cha kumtenga domino. Maji yalibadilishwa robo kila siku mwanzoni. Pipa lile lilikaa pale zaidi ya miezi miwili, na daktari alilichukia kila siku ya miezi hiyo. Angekuwa na pipa hilo kabla ya samaki wa kwanza, labda wangekufa wawili badala ya wanne.

Kwa mawe mapya nilichagua jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu pwani, lile lile lililojengea nyumba za Kilwa na Zanzibar. Ni jepesi kwa umbo lake, limejaa matundu, na hakuna tumbawe hai linalovunjwa baharini kwa ajili ya chumba cha kusubiria. Tulinunua kilo 14. Yaliletwa na basi ndani ya gunia, yakakaa kwenye ndoo za maji kwa wiki tatu, maji yakimwagwa kila siku mbili tatu hadi yalipoacha kutoa rangi na harufu.

## Uamuzi wa pili: orodha ya samaki kabla ya jiwe la kwanza

Hapa ndipo mimi na daktari tulikaa muda mrefu zaidi, na hapa ndipo alinifundisha.

Nilimwambia aandike samaki anaowataka. Akaandika kumi na mmoja. Kangaja tulimfuta kwanza: yule wa buluu hufika sm 30, na tangi letu ni sm 90. Vipepeo tukawafuta kwa sababu wengi wao hula matumbawe hai na wakiletewa chakula cha pakiti hususa hadi kufa. Anemoni, mnyama laini ambaye klauni hujificha ndani yake, naye tukamfuta. Hutaka mwanga mkali na tangi lililokomaa, na akichoka na mahali alipo hutembea, wakati mwingine hadi kwenye pampu. Klauni huishi vizuri bila yeye.

Kulikuwa na mtoto wa chewa kwenye orodha, urefu wa kidole, mzuri kweli kwenye picha.

"Daktari, huyu ni sangara," nikamwambia.

Alicheka, akamfuta mwenyewe. Mtu wa Mwanza haelezwi zaidi ya hapo. Sangara, mla samaki wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka.

Walibaki klauni wawili aliokuwa nao, aina ya *Amphiprion akallopisos* wa pwani yetu, wenye mstari mweupe mgongoni. Gobi mmoja wa mchangani anayeishi shimo moja na kamba wa baharini. Fayafishi mmoja, mwembamba mwenye unyoya mrefu mgongoni. Konokono wachache wa kula mwani. Na domino, ambaye mimi nilitaka arudishwe kwa muuzaji na daktari alitaka abaki kwa sababu "amepigania maisha yake."

Ndipo nikauliza: kila mmoja wa hawa atalala wapi? Daktari akachukua kalamu. Alisema mbipi dume hashiki tangi zima, anashika ufa wake na kila anachokiona akiwa mlangoni. Ukiweka jiwe likamkinga macho, mpaka wake unaishia pale. Alikuwa akilijua hilo tangu utotoni, akivua kwenye mawe. Unatoa samaki kwenye ufa mmoja, unasogea hatua mbili nyuma ya jiwe, unatupa tena.

Nimepanga mawe ya matangi kwa miaka na sikuwahi kulisema kwa ufupi hivyo. Nilikuwa nikipanga kwa jicho la mteja aliyekaa kwenye kiti, ninachotafuta ni umbo zuri. Kuanzia siku ile napanga nikiwa nimeinamisha kichwa hadi usawa wa mchanga, naangalia kutoka kwenye pango.

## Kupanga mawe

Tulichora umbo la tangi, sm 90 kwa 40, kwa chaki kwenye sakafu ya ua. Siku mbili tulipanga na kupangua pale pale bila tone la maji. Yule mlinzi wa kliniki, mzee wa watu, alileta kiti akakaa kutazama.

Tuliishia na visiwa viwili visivyolingana. Kikubwa kushoto, kama theluthi mbili ya mawe yote, kilikuwa na paa linalotokeza mbele na mapango matatu madogo, kila moja na milango miwili ili mkimbizi asinaswe ndani. Kidogo kulia kilikuwa kifupi, na mbele yake mchanga mtupu kwa ajili ya gobi. Katikati tuliacha mfereji wa sm 15, umepinda kidogo, ili aliye kushoto asimwone aliye kulia. Hakuna jiwe lililogusa kioo cha nyuma: tuliacha sm 8 za kupitisha mkono wenye sponji, na maji ya pampu yazunguke.

Kisiwa kikubwa kiliunganishwa kwa vijiti vya plastiki na gundi ya epoksi, kikakalishwa juu ya kipande cha plastiki kwenye kioo cha chini chenyewe, kisha mchanga ukamwagwa kukizunguka. Kisiwa kidogo nacho hivyo hivyo. Maji tulinunua yaliyosafishwa, kwa madumu, tukayachanganya na karibu kilo 5 za chumvi ya akwaria. Kipande cha nyama ya kamba kikaachwa kioze ndani kuanzisha amonia. Wiki ya tano, amonia niliyoongeza jioni ilikuwa imekwisha jioni iliyofuata.

Wiki hiyo hiyo nikafanya kosa langu. Daktari alisema kisiwa cha kulia kinaonekana kama kiatu kimoja kilichosahauliwa. Alikuwa sahihi. Kulikuwa na jiwe moja limebaki, bapa, la kilo 2 hivi. Sikutaka kupunguza maji na kuchimba mchanga. Nikaliweka juu ya mchanga, likiegemea kisiwa, nikalisukuma kwa kidole, likatulia.

## Samaki kuingia

Tulianza na wanyonge. Konokono, gobi na kamba wake wiki ya sita. Fayafishi wiki ya nane. Klauni wiki ya tisa. Domino tulimweka mwisho, wiki ya kumi na mbili, akitoka ndani ya kikapu chake kilichokuwa kimehamia kwa rafiki wa daktari. Hoja ni kwamba mkorofi akikuta wenzake wameshagawana mapango, yeye ndiye mgeni.

Kamba wa gobi ana kucha moja kubwa anayoifyatua kwa mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Dada wa mapokezi alinipigia mara mbili kuniambia kioo kinapasuka. Mara ya tatu hakupiga, na ndiyo siku niliyotakiwa kuwepo.

Gobi na kamba walikuwa wamechimba chini ya jiwe bapa. Kamba haoni vizuri. Anasukuma mchanga nje kama katapila huku upembe wake mmoja ukimgusa gobi anayelinda mlangoni. Walifanya kazi hiyo wiki nzima na wote tulikuwa tukiwasifia. Jioni moja jiwe likaanguka mbele. Asubuhi lilikutwa limeegemea kioo, limeacha mchubuko wa urefu wa kidole cha mwisho ambao upo hadi leo, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Gobi alitoka upande wa pili. Yule dada alikuwa ameusikia mlio jioni akaondoka zake, kwani si tulimwambia ni kamba?

Tulipunguza maji, tukachimba, tukalikalisha jiwe kwenye kioo cha chini. Kazi ya saa moja ambayo wiki ya tano niliiona ndefu.

## Chumvi iliyopanda

Maji yakivukiza, chumvi haiendi nayo. Lita iliyopungua inarudishwa kwa maji matupu. Hili nililisema kwa daktari, na daktari hakuwa ndiye anayejaza. Alipokwenda safarini, wa mapokezi aliongeza lita moja na nusu kila siku kutoka kwenye dumu lililoandikwa "maji ya samaki", ambalo lilikuwa maji chumvi ya akiba. Lita moja na nusu ni gramu 52 za chumvi. Kwa lita 130 ni kama 0.4 kwa elfu kila siku. Baada ya siku 14 kipimo kilisoma zaidi ya 40. Samaki walikuwa hai lakini wanahema, na konokono wawili walikuwa wameanguka chali.

Tuliishusha kwa siku nne, polepole. Dumu jipya likaandikwa "YA KUJAZA – HAINA CHUMVI", la pili "YA KUBADILISHIA – CHUMVI". Suluhisho la kudumu lilikuwepo chumba cha pili muda wote: kliniki ina mashine ya kukeneka maji kwa ajili ya kuchemshia vifaa. Lita moja na nusu kwa siku ni tone kwake.

## Domino na ndoana

Miezi miwili domino alitulia. Mwezi wa tano madoa yake meupe yalianza kufifia, kama yanavyofanya akikua, na tabia ikabadilika naye. Alichukua mapango yote matatu, akivuka mfereji. Fayafishi akawa anaishi kwenye kona ya juu.

Kumtoa kulikuwa balaa. Mawe yameunganishwa kwa gundi, hayapanguliwi. Mimi na daktari tulihangaika na nyavu mbili, nimelowa hadi kwapani. Mlinzi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa mlangoni.

"Wanangu, huyo si wa wavu," akasema. "Wa kwenye jiwe anavuliwa kwa ndoana."

Alirudi na uzi mwembamba na ndoana ndogo kabisa. Kile kijino kinachozuia samaki asichomoke alikisugua kwenye ngazi ya sementi hadi kikaisha, akapima kwa ukucha. Chambo ni kipande cha nyama ya kamba kama punje ya mchele. Akakishusha mbele ya pango la kati, akakitikisa mara mbili. Domino alitoka kama mwenye nyumba aliyegongewa mlango usiku. Hazikuisha dakika mbili, alikuwa ndani ya ndoo, mdomo mzima.

"Mzee, na miaka yote hii unalinda geti?" daktari akasema.

Domino alirudi kwa muuzaji kwa ndege. Kumwachia baharini hatukufikiria, maana samaki aliyekaa na wengine kwenye tangi anaweza kubeba ugonjwa.

## Matokeo

Mwaka mmoja baadaye tangi lina klauni wawili, gobi, kamba na konokono. Fayafishi alikufa mwezi wa saba: mlango wa kulishia kwenye kifuniko cha wavu uliachwa wazi wikiendi, akaruka. Nitreti iko chini. Umeme ulipokatika usiku mmoja kwa saa saba, pampu ya hewa ya betri ilijiwasha yenyewe, na hakuna aliyekufa.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuandika samaki kabla ya kugusa jiwe. Mapango matatu yenye milango miwili na mfereji uliopinda havikuwa mapambo. Klauni walichukua paa la kushoto wiki ya kwanza, gobi hakuwahi kuvuka kuja upande huo, na hadi domino alipokua sikuona pezi lililochanika. Pampu ya betri pia ilistahili gharama yake, hasa kwa mwinuko huu. Pwani ningeiita tahadhari, Mwanza naiweka kwenye orodha ya lazima pamoja na hita.

Kumweka domino mwisho hakukushindwa, ila kulinunua muda tu. Mbinu ile hufaa kwa samaki ambaye ukubwa wake wa mwisho unatoshea tangi. Nilijua hatoshei, nikakubali kwa sababu mteja alimpenda, na fayafishi aliishi miezi kadhaa kwa hofu kwa ajili ya adabu yangu.

Gundi ina pande mbili. Visiwa vilivyogundishwa havikutikisika hata gobi na kamba walipochimba, lakini samaki aliyemo hatoki. Sasa nagundisha sehemu ya chini tu na kuacha jiwe la juu la kila kisiwa linalonyanyuka kwa mkono mmoja. Na hakuna jiwe langu linalokaa juu ya mchanga, hata liwe bapa kiasi gani.

Kuhusu chumvi, lawama ni yangu. Nilimfundisha mwenye tangi badala ya anayelishika kila siku. Sasa mafunzo huwa ni kwa dada wa mapokezi kwanza, na yeye ndiye anayemweleza daktari mbele yangu.

Daktari ameuliza tena juu ya kangaja. Nimempa chaki akachore upya uani, na mpaka sasa kila akichora, mstari unafika getini kwa mzee.